Mama Asimfiche Msomaji, Akosee kwa Dhati

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ya taharuki ulikuwa na kurasa zaidi ya 300. Mtoto wa miaka mitano anapotea katikati ya sherehe, mama yake ndiye msimulizi, anamtafuta, anamshuku jirani, anamshuku mumewe, kisha sura ya mwisho inafichua kwamba alijua mtoto alipo tangu mwanzo. Nilidhani nimemaliza kazi. Dada yangu akausoma kwa siku mbili, akaurudisha mezani. "Umenidanganya," akasema, na hakuwa anasifu.

Alikuwa na haki. Kurasa zote hizo tumo ndani ya kichwa cha mama, tunasikia hadi mapigo ya moyo wake, na jambo moja analolijua kuliko yote nimelikalia. Nilikuwa nimemfunga msomaji kitambaa machoni, halafu nikategemea anishangilie akijikwaa.

Basi kama nawe unaandika habari ya mtoto aliyepotea, usimpe msimulizi siri ya kuficha. Mpe kumbukumbu mbovu anayoiamini. Anayesema uongo, msomaji atamnusa mapema. Anayekumbuka vibaya kwa moyo mweupe, msomaji anatembea naye hadi shimoni.

Kilichonifungua macho ni kazi za mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus. Mwaka 1974, yeye na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kasi "yalipobamizana" walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", maili 31.8. Kitenzi tu kimebadilika! Kisha mwaka 1995, yeye na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 visa vya utotoni mwao, na kimoja kilikuwa cha kubuni: kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa wadogo. Takriban robo yao waliishia kukikumbuka, kikamilifu au kwa sehemu. Wapo wanaolipinga jaribio hilo, na ubishi wao una uzito, lakini mwandishi wa riwaya hapo ameshapata mgodi.

Nikarudi kwenye sura ambazo mpelelezi anamhoji mama. Awali zilikuwa za kupitisha muda tu. Sasa niliandika karatasi tatu kabla ya kugusa sura yoyote. Ya kwanza: dakika 20 mtoto alipopotea, zilivyokuwa kweli, dakika kwa dakika. Ya pili: anavyozikumbuka mama usiku ule. Ya tatu: anavyozikumbuka baada ya wiki tatu za kuulizwa. Kazi yote ya hofu imo katika pengo kati ya karatasi hizo. Mpelelezi haulizi "Lango lilikuwaje?" Anauliza "Nani aliliacha lango wazi?" Mama anajibu kuhusu nani, na tangu hapo lango liko wazi kichwani mwake, hadi mlio wa bawaba anausikia. Hakuna aliyedanganya. Usimwandike mpelelezi kama mtu mbaya, tafadhali. Anayeuliza kwa upole anapotosha vizuri zaidi.

Jambo dogo la pembeni: achana na kile kisa cha polisi kusema "rudini baada ya saa 24". Riwaya yako ikiwa Marekani, sheria ya mwaka 1990 inakataza polisi kuweka muda wa kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea. Kwingine, chunguza kabla ya kuandika.

Kilichonitesa zaidi ni katikati ya kitabu, pale ambapo hakuna jipya linalotokea. Nilikuwa najaza kwa machozi. Kisha nikakutana na maandishi ya Pauline Boss, ambaye katika miaka ya 1970 alichunguza familia za wanajeshi wa Marekani waliopotea vitani Vietnam. Alieleza huzuni isiyo na mwisho kwa sababu aliyeondoka hayupo, na hakuna uhakika kwamba amekufa. Msiba usio na kaburi. Nikafuta vilio karibu vyote. Mama wa riwaya yangu sasa ananunua viatu, na anasimama dukani hajui anunue saizi ya mwaka jana au ya mwaka huu. Mumewe anataka kuhama nyumba. Yeye anauliza mtoto akirudi atabisha mlango wa nani. Wanagombana kuhusu kodi, na wote wawili wanajua si kodi.

Mswada wa pili dada aliusoma kwa wiki nzima. Akanipigia simu usiku kunilaumu kwamba nimejichanganya: mwisho unaonyesha lango lilifungwa, na sura ya kwanza inasema lilikuwa wazi. Nikamwambia aisome tena. Kimya. Nikasikia kurasa zikipekuliwa, mbele, nyuma, mbele tena. Sura ya kwanza haitaji lango kabisa.