Usiulize "Panaitwaje?"

Miaka minne iliyopita nilinunua daftari nikaanza kukusanya majina ya pwani ya kisiwa chetu cha Mombasa: madiko, visima, miamba. Siku ya kwanza nilimkuta ami yangu akishona nyavu. "Ami, hapa panaitwaje?" Akajibu bila kuinua kichwa: "Diko." Nikaandika. Tukaenda kwa mashua hadi pengine, nikauliza tena. "Diko." Nikaandika Diko la Pili, na nikajiona mtafiti.

Kwa asiyejua Kimvita, diko ni mahali popote mashua zinapofikia.

Nilijifariji niliposoma habari za St Kilda, visiwa vya Uskoti vilivyo kama kilomita 64 magharibi ya kisiwa cha North Uist, baharini kabisa. Kisiwa kikubwa kinaitwa Hirta. Mtakatifu wa jina la Kilda hajulikani. Maelezo mojawapo yanarudi kwenye kisima kimoja, Tobar Childa: tobar ni kisima kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji wa huko, na kelda ni kisima kwa lugha ya Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia. Kisima Kisima! Mimi nadhani mgeni aliuliza "panaitwaje", akajibiwa kama nilivyojibiwa, na kisima kikapewa utakatifu kwenye ramani.

Tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 waliokuwa wamebaki walihamishwa. Katika kila nyumba waliacha Biblia imefunuliwa na rundo dogo la nafaka. Wa mwisho wao, Rachel Johnson, alifariki 2016 akiwa na miaka 93. Majina yamebaki, Soay ni kisiwa cha kondoo, Dùn ni ngome, ila hakuna tena mtoto anayetumwa huko.

Hilo la mtoto ndilo lililonipa swali langu. Sasa sisemi "panaitwaje". Nasema: "Ukimtuma mtoto akufuate hapa, utamwambia aende wapi?" Mzee hunyamaza kidogo, halafu jina latoka, na kisa chake nyuma yake.

Pia nenda naye mahali penyewe. Kibarazani, mbele ya kahawa, mtu hukupa majina makubwa yanayojulikana na kila dereva wa matatu. Akikanyaga mchanga ndipo hukumbuka jiwe alilojikatia mguu. Ramani zitumie, lakini kwa tahadhari: Port Reitz ni kumbukumbu ya luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyefia pwani hii 1824, ilhali Kilindini, ng'ambo kidogo tu, inakueleza yenyewe kuwa maji hapo ni kilindi. Na waulize wanawake. Wavuvi walinipa miamba yote, lakini visima vitatu nilivipata kwa shangazi yangu, aliyechota maji huko utotoni. Wavuvi wale hawakuwa na habari navyo.

Andika vile linavyotamkwa, usilisanifishe. Mimi nililiweka jina moja kwa Kiswahili cha shuleni, nikaona limependeza.

Mwaka jana nilirudi kwa ami na swali langu jipya. Yale madiko mawili yakapata majina, moja la mbuyu ulioanguka kabla sijazaliwa. Akaniambia, "Hebu soma ulivyoandika." Nikasoma.

"Ndia," akasema. "Wewe umeandika njia. Futa."

Nikafuta, nikaandika upya. Akarudia nyavu zake.