Dawa ni zile zile, lakini nitapima

Mwanangu Rehema,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Baba, kama dawa hazibadiliki, kupima vinasaba kwa nini?" Kwenye dawa umesema kweli. Majibu yakitoka hivi au vile, nitaendelea na levodopa yangu, dawa ya huu ugonjwa wangu wa kutetemeka, Parkinson, kabla ya chai.

Mimi napima kwa ajili ya babu yako. Alipoanza kutetemeka kule Kilwa, akawa anaburuta miguu, ukoo mzima ulisema kachezewa, na aliyenyooshewa kidole ni mdogo wake wa tumbo moja. Wamekufa hawasemezani. Watoto wa yule mzee wako hapa hapa Dar, tunakutana misibani tu. Kama Parkinson imepita kwenye damu yetu, nataka niwaambie mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Hata kisipoonekana kitu, baba mdogo hakumroga mtu. Kwa hilo sihitaji maabara. Ila wazee wetu karatasi yenye muhuri wanaiheshimu.

Na huenda kweli kisionekane. Wanaokutwa na jeni inayojulikana ni kama 10 hadi 15 katika kila wagonjwa 100. Tena utafiti mwingi umefanywa kwa Wazungu. Mwaka 2023 ndipo watafiti, wakiwemo Wanaijeria, walipotangaza badiliko linalohusishwa na Parkinson kwenye jeni ya GBA1, linalopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwa Wazungu ni nadra sana. Nimemuuliza daktari kama maabara watakayopeleka mate yangu inaliangalia hilo. Anafuatilia.

Sasa wewe. Ikiwa ni jeni ya LRRK2, kila mtoto wangu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, lakini wengi walio nayo huzeeka bila kuugua. Ile ya parkin kwa kawaida haileti ugonjwa mpaka uipate kwangu na kwa mama yako pia. Dawa ya kuzuia haijapatikana, kwa hiyo usipouliza majibu, sitakuambia. Kaka yako ameshasema hataki kusikia, na mimi simlaumu.

Daktari anataka kujua nani katika ukoo alitetemeka, na alianza akiwa na umri gani. Shangazi yako wa Mbagala ndiye anayekumbuka. Ijumaa ukitoka kazini pitia kwake umuulize. Ila uchawi usiutaje, mtakesha.

Baba yako,
Tabata