Seli za ubongo katika Alzheimer: kuchachamaa kabla ya kunyamaza
Je, katika Alzheimer, ugonjwa unaomaliza kumbukumbu, seli za ubongo huanza kwa kuzimika? Hapana, hazianzi kwa kuzimika tu, nyingine huchachamaa kwanza. Mwaka 2008 watafiti wa Munich walichungulia ubongo wa panya waliopandikizwa jeni za Alzheimer, wakakuta seli zilizo jirani na mabonge ya amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wenye ugonjwa huu, zinafyatua ishara kupita kiasi. Sababu mojawapo: amiloidi huzuia glutamati, kemikali inayoamsha seli, isiondolewe ikishamaliza kazi, kwa hiyo seli inazidi kuchokozwa. Ndiyo maana dawa ya kifafa, levetirasetamu, inayotuliza seli zilizochachamaa, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer Marekani, matokeo yakatoka 2021. Kwa jumla haikusaidia, ila wenye dalili za kifafa kwenye vipimo vya umeme wa ubongo walifanya vizuri zaidi kwenye baadhi ya majaribio ya uwezo wa akili. Lakini walikuwa watu 34 tu, msikimbilie famasi.