Pikipiki na mvua za vuli Pemba: jibu kwa anayetoka Chake kwenda Wete kila alfajiri

Assalamu alaikum ndugu yangu. Umeuliza kama ushauri wa waendeshaji wa Ulaya kwa baridi yao ya Oktoba na Novemba, wa kuvaa nguo juu ya nguo na kujihadhari na majani yaliyolowa, unatufaa na sisi, maana vuli imekaribia na kazi yako iko Wete. Njia hiyo nimeipita miaka mingi, kwanza kwa vespa ya gia, sasa kwa pikipiki. Mengi yanatufaa, ila kwetu yana sababu zake.

Tuanze na baridi. Hapa nyuzi kushuka chini ya 20 ni nadra, hata kipupwe. Lakini lowa saa kumi na moja alfajiri, halafu kimbia kwa mwendo wa 50 na nguo zimekuganda mwilini, utatetemeka na vidole vitakufa ganzi. Kidole chenye ganzi hakijui kimebana breki kiasi gani, na hapo ndipo mtu anapofunga tairi la mbele bila kukusudia. Nunua koti la mvua la maana pamoja na suruali yake. Glavu za mpira za kuoshea vyombo zikivaliwa juu ya glavu za kitambaa zinafanya kazi vizuri sana. Kuvaa jaketi kinyumenyume kama wafanyavyo vijana wa bodaboda kunakinga kifua na upepo, lakini maji yanaingia mgongoni.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulishike. Mvua ninayoiogopa mimi ni ile ya kwanza ya vuli, kuliko masika yote. Tangu miezi ya kiangazi lami imekuwa ikikusanya vumbi, oili na dizeli zinazodondoka kwenye magari. Masika ikinyesha mfululizo inaosha barabara ikatakata. Manyunyu ya vuli hayaoshi, yanakoroga, na lami inateleza kama mlenda. Nusu saa ya mwanzo ndiyo mbaya zaidi. Ukiweza, kaa barazani kwa mtu uisubiri ipite. Usijikinge chini ya mnazi wala mti mrefu, maana vuli ina radi zake.

Kuhusu majani, wao wana miti inayopukutika, sisi tuna mishelisheli. Jani moja la shelisheli lililolowa linatosha kulifunika tairi la vespa, na likibandikana na lami halionekani usiku. Tena vuli ndiyo msimu wa maembe, na embe lililopondwa na magari kwenye kona ni baya kuliko jani. Pita njia ya Konde kwenda Makangale, ndani ya msitu wa Ngezi, uone: kwengine kumekauka, pale kivuli kinaweka unyevu mpaka mchana.

Kisha karafuu. Msimu huu majamvi yametandazwa pembezoni mwa barabara kila kijiji. Wingu likitanda tu, watu wanatoka mbio kuanua. Utamwona mama ameinama, kakamata ncha mbili za jamvi, mgongo kaupa barabara, anarudi kinyumenyume kulivuta. Mwanawe anavuka kutoka upande wa pili na ungo. Hawasikii honi, akili yote iko kwenye karafuu zisilowe. Kwa hiyo ukiona wingu na majamvi, punguza mwendo kabla hujamwona mtu yeyote.

Chini ya vilima mvua inateremsha udongo mwekundu ukatanda juu ya lami, na kwenye maungio ya njia za vijijini magari yanautoa kwa matairi. Punguza mwendo kabla ya kuufikia, kisha upite umenyooka: usikate kona, usishike breki, usivute mafuta kwa ghafla. Mistari myeupe ya rangi nayo inateleza ikilowa.

Breki shika zote mbili, taratibu, ukiongeza kidogo kidogo. Wapo wanaosema mvuani breki ya mbele isiguswe kabisa. Si kweli, ndiyo inayosimamisha chombo zaidi. Kinachoangusha ni kuibana kwa pupa. Ukitoka kwenye dimbwi na breki zako ni za ngoma, zibane kidogo huku unakwenda mpaka zikauke. Na daladala iliyo mbele yako iache mbali: ikipita mnazi fulani, hesabu sekunde, usiufikie mnazi ule kabla ya nne.

Kama unampakia mkeo au dada yako naye amekaa upande, baibui na mtandio avikusanye avikalie kabla hujaondoa. Nguo iliyolowa inaning'inia zaidi, na cheni haiachii ikishakamata.

Tairi ndilo la kutengeneza wiki hii. Kipara hakifai hata kwa kwenda dukani, kwa sababu mifereji ile ndiyo inayotoa maji chini ya mpira. Usipunguze upepo ukidhani litashika zaidi. Kwenye maji mengi tairi lenye upepo mdogo ndilo linaloelea mapema. Tena angalia umri wake, maana tairi la zamani linaweza kuwa na mifereji mizuri na mpira mgumu kama ubao. Ubavuni pana tarakimu nne peke yake: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na mimi nisingelipanda mvuani. Chungulia lako la mbele na la nyuma, ukishindwa kuzisoma tarakimu ziandike hapa tukusomee.