Maswali yenu: "Kikundi chenyewe si cha kupiga stori tu?"

*Habari za kazi mhariri. Mimi ni mama niko Pasua, Moshi. Kijana wangu ana miaka 24, alianza kuumwa akiwa chuo, akawa anasema redio inamsema yeye, halali, anafunga madirisha mchana kweupe. Ukoo wa baba yake wakampeleka Rombo kwenye tambiko, mbuzi wawili wakaenda na hali ikawa ile ile, mwisho hospitali wakatuambia ni skizofrenia, ugonjwa wa akili. Saa hivi anachoma sindano kila mwezi na katulia. Sasa wamama wenzangu wa pale kliniki wameanzisha kikundi, tunakaa Jumamosi na vijana wetu, ila mume wangu anasema tunaenda kupiga stori na kuanika aibu ya nyumba. Hiki kikundi kitamponya? Mama B.*

Shikamoo mama B. Kumponya hapana, tusidanganyane. Kinachopunguza zile sauti anazozisikia ni dawa. Ila kuna mambo sindano haiyagusi kabisa, kijana alikuwa na marafiki chuo kizima na leo hapigiwi simu na mtu, na wewe mwenyewe nahisi jumuiya umeshaacha kwenda coz unawaza ukitoka huku nyumbani itakuwaje. Hapo ndo kikundi kina kazi. Yeye anakaa na mwenzie anayejua kusikia sauti kukoje, hana haja ya kujieleza toka mwanzo, na wewe unakaa na mama aliyeshayaona, atakwambia wa kwake akianza kukesha siku mbili tatu, haogi, anajifungia, basi ugonjwa unarudi, wahi kliniki kabla vyombo havijaanza kuruka. Mimi hili la mwisho naona linazidi yote, maana daktari anamwona dakika chache kwa mwezi, wewe unamwona kila siku.

Na sio kitu kimezuka juzi. Marekani kuna mama aliitwa Joanne Verbanic, mwenyewe mgonjwa wa skizofrenia, mwaka 1985 alianzisha vikundi vya wagonjwa kule Detroit vikaenea majimbo mengine. Hapa kwetu pia, Dar na Mbeya, watafiti walifanya mradi wa KUPAA, yani Kuwezeshana Kupata Uzima, wakawakalisha wagonjwa na ndugu zao pamoja wajifunze ugonjwa na namna ya kuishi nao. Baba mwambie hivi: Shirika la Afya Duniani (WHO) wanakadiria zaidi ya watu milioni 20 duniani wana huu ugonjwa, mtu 1 kati ya 300 na kitu, na mara nyingi unaanza ujanani, hasa umri huo huo wa chuo. Sasa hiyo aibu ni ya nyumba ngapi? Mbebe Jumamosi moja tu akae na wababa wenzie. Na ukoo usigombane nao, wakitaka tambiko lingine wafanye, ilimradi siku ya sindano isirukwe.

*Shikamoo anti, mi ni mgonjwa mwenyewe, niko Ngaramtoni. Kwenye kikundi chetu kuna mshkaji kaacha dawa na anasema yuko fiti. Mi zinanitetemesha mikono na kunilaza hadi saa nne, na kibarua changu ni cha asubuhi. Na mimi niache?*

Marahaba mdogo wangu. Usiache. Skizofrenia ina ujanja wake, ukiacha dawa unaweza kukaa wiki au hata miezi uko vizuri unajiona umepona, alafu inakurudia, kwa hiyo huyo mshkaji bado mapema kumfanya mfano. Ila malalamiko yako ni ya kweli na nakereka sana watu wakiwaambia wagonjwa "vumilia tu". Kutetemeka kuna dawa yake, dozi inaweza kupunguzwa, muda wa kumeza ukahamishiwa usiku, au ukabadilishiwa dawa yenyewe, sema mambo yote hayo kwa daktari sio kichwani kwako. Nenda umwambie kama ulivyoniambia mimi, na kibarua kitaje. Bangi na mirungi kama vipo, hivyo ndo vya kuacha, kuacha hivyo ruksa bila kumuuliza mtu.

*Anti, tuko Sakina, familia sita, tunataka kuanza kikundi. Tuweke na mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu ili watu waje?*

Hapana jamani, mchezo subirini. Pesa ikiingia mapema, mtu akiumwa akashindwa kutoa anaona aibu anapotea, na huyo ndo mliyekuwa mnamtaka kikundini. Anzeni na chai. Ombeni chumba kanisani, msikitini au ofisi ya mtaa, muwe na siku moja isiyobadilika, nesi wa afya ya akili aje mara moja moja kujibu maswali ya dawa ila mwenyekiti asiwe yeye, na wagonjwa waongee kabla ya wazazi, manake sisi wazazi tukishika kipaza hatuachii. Yanayosemwa humo yabaki humo, anayeyapeleka saluni atoke. Mkishazoeana nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mjisajili, muulizie na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, muone kama mnaingia humo.