Mkanda wa harusi kutoka kwenye deki hadi kompyuta

Dada, mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi hauhamishwi kama faili za flashi. Tafuta deki nzima, waya wa vichwa vitatu (njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti) na kile kidude cha kunasa video kinachochomekwa kwenye USB. Kurekodi, tumia programu ya OBS Studio, ni ya bure.

Kwanza inua kifuniko cha kaseti uchungulie utepe. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu: usiutie mkanda huo kwenye deki kabisa, utachafua hedi (sehemu ya deki inayosoma utepe) na mikanda mingine. Utepe ukiwa safi, upeleke mbele mpaka mwisho kisha uurudishe, maana uliolala kabatini miaka 20 hugandana.

Picha ikitoka bila rangi usikimbilie kuulaumu mkanda. Mimi nilihangaika jioni nzima, kumbe kidude kimewekwa mfumo wa rangi wa NTSC na mikanda yetu ya Tanzania ni ya mfumo wa PAL. Nilipobadilisha tu, gauni la shangazi likarudi kuwa jekundu!

Njia ya mkato hakuna. Mkanda wa saa 3 unarekodiwa saa 3, na kompyuta isiachwe ilale katikati.

Kuhariri, programu ya Shotcut inatosha. Kata zile dakika kamera inapotazama sakafu, ondoa ile mistari ya kuchanachana kwenye vitu vinavyotembea, kisha toa MP4. Ila faili la mwanzo usiliguse, kata kwenye nakala.