Mgumu kuliko wote Hawthorn: kura yangu naipeleka kwa Dipper

Mkuu, umeuliza kati ya wote waliowahi kuvaa jezi ya kahawia na dhahabu ya Hawthorn, klabu ya mpira wa Australia ya jijini Melbourne, ni nani aliyekuwa mgumu kuliko wenzake, na karibu kila aliyejibu kabla yangu kamtaja Leigh Matthews. Mimi kura yangu naipeleka kwa Robert DiPierdomenico, "Dipper". Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana ubishi huu nimeuzoea. Ghalani ninakofanya kazi hapa Dandenong, pembezoni mwa Melbourne, kuna wazee walioanza kuishabikia timu hii tangu enzi za uwanja wa Glenferrie, na wakati wa chai hakuna mada inayowachemsha kama hii.

Kwa ndugu zetu wa Dar, Nairobi au Bujumbura wasioujua mchezo: kila timu ina watu 18 uwanjani, mpira una umbo la yai, mechi ina robo nne, goli ni pointi 6. Hakuna pedi za mabegani wala kofia ngumu. Unarukiana na mtu wa kilo 100 ukiwa na kaptula na jezi isiyo na mikono.

Sasa turudi fainali ya 1989, Hawthorn na Geelong, uwanja mkubwa wa MCG jijini Melbourne, watu zaidi ya 94,000. Mzee mmoja kazini aliniazima DVD ya mechi hiyo nilipokuwa bado mgeni wa mambo haya, akanionya nisiende kuchemsha chai mwanzoni. Refa anadundisha mpira katikati kuanzisha mechi, watu wote macho juu kuufuata. Mark Yeates wa Geelong hana habari na mpira. Anatoka mbio kumfuata Dermott Brereton, wana deni la mechi ya nyuma msimu uleule, na anamkumba kikumbo cha mwili mzima. Brereton yuko chini. Anainuliwa, miguu haimtii, anatapika. Mbavu zimevunjika, figo limeumia. Wanataka kumtoa, anagoma, anajikokota hadi mbele kwenye eneo lake la kushambulia. Dakika chache tu baadaye mpira unaelea kumfuata, anaudaka, anafunga. Nilirudisha nyuma nikatazama tena na tena.

Wengi hapo ndipo wanapomaliza hadithi, wanampa Brereton kura. Ila siku hiyohiyo Gary Ablett wa Geelong alimgonga Dipper kwa nyuma, ubavu ukavunjika na kutoboa pafu. Mtu mwenye pafu lililotoboka kuvuta pumzi tu ni kazi. Dipper kazi yake ilikuwa ya pembeni, kupanda na kushuka uwanja mzima kutwa. Alicheza mpaka king'ora cha mwisho, kisha akapelekwa hospitali na kulazwa.

Na hapa kuna jambo ambalo vijana hawalipigii hesabu. Mwaka ule benchi lilikuwa na wachezaji 2 tu wa kubadilishana. John Platten alikuwa tayari amegongwa kichwa, hajitambui, mechi imekwisha kwake. Brereton anacheza na mbavu zilizovunjika. Kocha Allan Jeans, askari polisi wa zamani, wakati wa mapumziko aliwasimulia wachezaji habari ya mtoto aliyekwenda kununua viatu akakwepa kulipa bei ya vile vizuri. Alitaka kujua kama wao wako tayari kulipa. Robo ya mwisho ilianza Hawthorn ikiongoza kwa pointi 36, na Geelong wakazila karibu zote. Mwisho ukawa 144 kwa 138. Goli moja! Ablett peke yake alifunga magoli 9 na akapewa medali ya mchezaji bora wa fainali akiwa upande ulioshindwa. Dipper angeomba kutoka, nani angeingia? Ndiyo maana naona pumzi zake chache zile ziliubeba ubingwa ule.

Tena huyu si mtu wa fujo tu. Mwaka 1986 alishinda medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi nzima kwa kura za marefa, akagawana na Greg Williams, na medali hiyo hapewi mchezaji aliyefungiwa msimu huo. Yaani alikuwa mgumu, na bado marefa walimwona anacheza haki.

Matthews simdharau hata kidogo. Mechi 332, magoli 915, ubingwa mara 4, na yote hayo kwa mwili wa sentimita 178. Mwaka 1982 kwenye uwanja wa Essendon alikimbia na kuivaa ile nguzo fupi ya pembeni mwa goli, nguzo ndiyo iliyokatika. Wazee wakifika hapo wanasimama kabisa kuonyesha alivyoingia. Lakini mwaka 1985 alimvunja taya Neville Bruns wa Geelong mbali na mpira. Ligi ikamwondolea usajili kwa wiki 4 na polisi wakamfikisha mahakamani. Kumpiga mtu asiyekutazama kunahitaji nguvu, sibishi, ila mimi siuiti ugumu, na hivyohivyo nasema juu ya Yeates kwa Brereton. Mgumu ni yule aliyepokea kikumbo akabaki uwanjani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wenu, na sitarudi nyuma.

Wa pili kwangu ni Peter Crimmins, na nashangaa uzi umefika hapa bila jina lake. Mdogo wa umbo, nahodha wa 1974 na 1975. Akapata saratani ya korodani, akafanyiwa upasuaji, akarudi kucheza. Ugonjwa ukarudi. Fainali ya 1975 alitaka kucheza, wakamwacha nje, na Hawthorn wakachapwa na North Melbourne. Mwaka uliofuata timu zilezile zikakutana tena fainali. Crimmins hakuweza hata kufika uwanjani, akawatumia wenzake telegramu, kocha John Kennedy akawasomea. Wakashinda. Usiku uleule wachezaji wakachukua kombe mpaka nyumbani kwake. Siku 3 baadaye akafariki, ana miaka 28. Medali ya mchezaji bora wa mwaka wa klabu inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ninaposikia mtu anasema Crimmins hahesabiki kwa sababu "ule ulikuwa ugonjwa, si mpira", nakasirika. Mtu aliyetoka kwenye upasuaji wa saratani akaenda kugombea mpira katikati ya majitu, huyo unamwita nani?

Don Scott namtaja harakaharaka: mechi 302, na mwaka 1996 ndiye aliyeongoza wanachama kukataa klabu yetu kuunganishwa na klabu ya Melbourne. Bila yeye huenda tusingekuwa na cha kubishania.

Kuna kitu kinaniuma na lazima nikiseme. Tunaposifia watu waliorudi uwanjani baada ya kugongwa kichwa, tuwe waangalifu. Michael Tuck alitupa mechi 426 na ubingwa mara 7. Mwanawe Shane, aliyecheza Richmond, alifariki 2020, na ubongo wake ulikutwa na madhara makubwa ya kugongwa kichwa mara kwa mara. Siku hizi mchezaji wa AFL, ligi kuu ya mchezo huu, akigongwa kichwa hadi ubongo ukatikisika, hachezi kabla ya siku 12 kupita. Mwanangu anacheza timu ya mtaani hapa, na hilo nimemwambia wazi: ubavu tutauzungumza, kichwa hakina mazungumzo, unatoka.

Kwa niliowaona kwa macho yangu, Luke Hodge. Fainali ya 2008 alicheza mbavu zikiwa zimeumia akatoka na medali ya mchezaji bora, na 2014 akaichukua tena tulipowafunga Sydney kwa pointi 63. Ukikaa upande wa goli unamsikia mtu wa aina ile kabla hujamwona, anapanga safu ya nyuma kwa sauti mfululizo, huku akiingia mwenyewe palipo na msongamano. Halafu Jarryd Roughead. Saratani ya ngozi ilianzia mdomoni, ikarudi 2016 ikiwa imefika mapafuni, akatibiwa msimu mzima nje ya uwanja. Raundi ya kwanza ya 2017 akarudi, tena kama nahodha, dhidi ya Essendon. Tulifungwa siku ile. Jirani yangu wa kiti alikuwa shabiki wa Essendon, skafu nyekundu na nyeusi shingoni, na Roughead alipogusa mpira wa kwanza naye alipiga makofi.

Mwanachama mmoja juu huko kauliza kuhusu James Sicily, aliyekabidhiwa unahodha 2023. Ninampenda, lakini kumweka kwenye orodha moja na Dipper mapema hivi ni kumwonea. Tuulizane akishatundika viatu.